Aliyekaa Peke Yake Mlimani



Kila mwaka, tarehe 3 Februari, Wakristo hupanga mstari mbele ya altare, na padre huweka mishumaa miwili iliyopishana chini ya koo la kila mmoja, akimwombea kwa maombezi ya Mtakatifu Blasi alindwe na ugonjwa wa koo na ubaya mwingine wo wote. Akina mama huwaleta watoto wachanga, na wazee huja wakishikwa mkono na wajukuu wao. Sababu ya baraka hiyo twaijua sote: mapokeo yasema kwamba mtakatifu huyo alimponya mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Sisi tukaao kando ya Ziwa, tuliokula sato na furu tangu utotoni, twaielewa vema hofu ya mama wa mtoto yule.

Lakini habari za Mtakatifu Blasi zina sehemu nyingine isiyosimuliwa sana. Alikuwa Askofu wa Sebaste, katika Armenia ya kale, mji ambao siku hizi uko nchini Uturuki nao huitwa Sivas. Wakati wa mateso ya Kaisari Licinius, yapata mwaka 316, alitoroka mjini akaenda kukaa katika pango mlimani. Mapokeo yasimulia kwamba wanyama wa mwitu, walio wagonjwa na wenye majeraha, walimjia huko, naye akawabariki. Tena wakimkuta katika sala, walimngoja mpaka amalize. Siku moja wawindaji wa liwali wakapanda mlima kutafuta wanyama wa kupiganishwa uwanjani mbele ya watu. Wakawakuta wamekusanyika mlangoni pa pango. Wanyama hawakukamatwa. Aliyekamatwa ni mzee Askofu, akapelekwa mjini, akateswa, akauawa.

Hayo ni mapokeo, wala hatuwezi kuyapima kwa mizani ya hati za mahakama. Lakini Wakristo wa karne nyingi waliyatunza kwa sababu yanafundisha jambo zito. Mtu aliyefukuzwa na wenzake ndiye aliyekuwa kimbilio la viumbe visivyo na msemaji. Na wale walioona faida tu katika kila kiumbe hawakuona shida kumwinda na mtu pia. Mkono ni ule ule, na kamba ni ile ile.

Ndugu msomaji, ukitoka Mwanza kwa njia ya kwenda Musoma, kilomita zipatazo 20, utafika Kisesa, na karibu yake kuna kilima cha Bujora. Hapo pana mawe makubwa yaliyopandana, kama yalivyo mawe mengi ya nchi hii ya Usukuma, na katika mianya ya mawe kama hayo hukaa pimbi. Ni mnyama mdogo, hana pembe, hana makucha ya kutisha, wala hawezi kukimbia mbali. Ngome yake ni jiwe. Mtunga Zaburi, katika ile Zaburi ya 104 inayomsifu Mungu kwa ajili ya kazi zake, hakumsahau mnyama huyo. Anasema kwamba milima mirefu ni makao ya mbuzi wa mwitu, na miamba ni kimbilio la pimbi. Yaani Mwenyezi Mungu, alipoweka mawe, alikuwa tayari amefikiri ni nani atakayejificha humo.

Juu ya kilima hicho, miaka ya 1950, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Canada, alianza kazi ambayo wengi waliishangaa. Alijenga kanisa lililopambwa kwa alama za enzi ya watemi wa Kisukuma, kisha akakusanya ngoma, viti na vifaa vya wazee, ambavyo leo vimo katika Makumbusho ya Wasukuma. Humo mgeni ataonyeshwa pia habari za vyama vya ngoma. Kuna Banunguli, wawindaji wa nungunungu, aharibuye mashamba ya wakulima usiku; kuna na Bayeye, watu wajuao nyoka na dawa za sumu yake. Hata leo, katika sikukuu ya Bulabo, iliyotokana na sherehe ya Ekaristi Takatifu, watu hukusanyika kutazama Bagika na Bagalu wakishindana kucheza, na nyoka wakibebwa mabegani.

Vyama hivyo vyatukumbusha kwamba wazee wetu hawakuwa maadui wa wanyama, wala hawakuwa wajinga wa kudhani kila mnyama aachwe ale mihogo ya watoto wao. Walijua tofauti kati ya mtu anayelinda shamba lake na mtu anayeua ili auze. Na Kanisa halifundishi vingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika vifungu vya 2415 hadi 2418, yasema kwamba mwanadamu aweza kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini kuwatesa au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Tena yaongeza kwamba si haki kuwapa wanyama upendo unaowapasa watu peke yao. Maneno hayo mawili yashikwe pamoja, kwa maana tutayahitaji hapa chini.

Sasa nitawasimulia habari za mtu mmoja wa nyakati zetu.

Mwaka 1967, katika milima ya Virunga, mahali zinapokutana nchi za Rwanda, Kongo na Uganda, alifika mwanamke wa Marekani aitwaye Dian Fossey. Alizaliwa mwaka 1932, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia watoto wenye ulemavu. Alitumwa na Louis Leakey, yule mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kenya, ili achunguze maisha ya masokwe wakubwa wa milimani, waitwao gorila. Alianza upande wa Kongo, lakini vita vikamtoa huko. Ndipo akahamia Rwanda, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo akajenga kambi kati ya milima miwili, Karisimbi na Visoke. Majina ya milima hiyo aliyaunganisha, akaiita kambi yake Karisoke. Mahali hapo ni juu sana, penye baridi, ukungu na matope. Wenyeji wakampa jina la Nyiramacibiri, mwanamke akaaye peke yake mlimani.

Wanyama aliokwenda kuwatazama walikuwa wanakwisha. Maskini wa vijiji vya chini waliingia msituni kutega mitego ya paa na funo, na gorila walikamatwa humo pasipo kukusudiwa, wakafa kwa vidonda vya kamba. Wengine waliwindwa kwa makusudi, maana walikuwapo wageni wenye fedha waliotaka fuvu la kichwa au mkono wa gorila kuwa pambo la nyumbani, na wengine walitaka mtoto hai. Na ili kumchukua mtoto wa gorila, yawapasa wawindaji kuwaua wakubwa wake kwanza, kwa kuwa hawamwachi.

Mmojawapo wa gorila hao, dume kijana, Nyiramacibiri alimwita Digit, kwa sababu alikuwa na kidole kilichoumia. Alimjua tangu utoto wake kwa miaka kumi. Siku ya mwisho ya mwaka 1977 wawindaji na mbwa wao walilikuta kundi la Digit. Yeye akabaki nyuma kupigana nao, na jamaa zake wakapata nafasi ya kukimbia. Alichomwa mikuki akafa. Wawindaji wakakata kichwa na mikono, wakaenda zao. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba gorila waliosalia katika milima ya Virunga walikuwa kama 250 tu.

Tangu siku ile Nyiramacibiri hakuwa mtu wa uchunguzi tu. Alikuwa mtu wa vita. Aliwatuma watu wake kung'oa mitego, naye mwenyewe akaenda pamoja nao. Alichukiwa na wawindaji, akachokwa na wakubwa, na wenzake wa elimu wakamwona amevuka mpaka. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985, siku moja baada ya Noeli, aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake huko mlimani. Alizikwa pale pale Karisoke, katika makaburi aliyowachimbia gorila, kando ya Digit.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanamke huyu alitenda mema, wala hapana budi kuyasema. Lakini pia alikosa, na makosa yake yatufaa kama mema yake. Aliwapiga na kuwadhalilisha wawindaji waliokamatwa. Alijivika sura za kutisha ili wamdhanie kuwa mchawi. Mtu maskini wa kijijini, aliyeingia msituni kwa sababu watoto wake hawajala, yeye alimwona kama adui tu. Katika vita vyake alisahau kwamba mwindaji naye ni kiumbe wa Mungu, tena kiumbe aliyekombolewa kwa Damu ya thamani. Hapo ndipo panapotupasa kukumbuka yale maneno ya Katekisimu tuliyoyataja. Kumpenda mnyama kusitufanye tumdharau mtu.

Wala kazi haikumalizwa na ukali wake. Waliokuja baada yake walijifunza kuwashirikisha wanavijiji, wakawaajiri vijana kuwa walinzi na waongozaji, na sehemu ya fedha za wageni ikaenda kwenye shule na visima. Matunda yameonekana. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 zilionyesha gorila 604 katika Virunga, na pamoja na wale wa Bwindi nchini Uganda walipita 1,000. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo waliondolewa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa, wakawekwa katika daraja lenye nafuu kidogo. Haya yote yamepatikana katika nchi zilizopita katika vita na mauaji ya kutisha. Kama huko imewezekana, sisi tulio katika amani tutajitetea kwa udhuru gani?

Lakini tusidhani kwamba ulinzi huo ni kazi ya bei nafuu. Katika Hifadhi ya Virunga upande wa Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1925, walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa 12. Wengi wao ni baba wa familia, na wengi ni Wakristo kama sisi.

Wala si mbali na kwetu. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta tembo wapatao 109,000 katika Tanzania. Ya mwaka 2014 ikakuta 43,000 tu. Na tarehe 29 Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa mkoani Simiyu, katika nchi hii hii ya Wasukuma, rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi akiwa katika helikopta, akiwafuatia majangili waliokuwa wameua tembo. Alikufa pale pale. Mgeni alitoa uhai wake kwa ajili ya tembo wetu, na pembe zilizotafutwa zilikuwa zipelekwe nchi za mbali kuwa mapambo.

Basi, ndugu wasomaji, katika habari hizi kuna jambo ambalo mimi haliniachi. Ni lile jina: mwanamke akaaye peke yake.

Huku kwetu, mwanamke akaaye peke yake huitwaje? Tuseme kweli mbele ya Mungu. Katika vijiji vya Usukuma wako bibi vizee wengi waliouawa kwa mapanga usiku, kwa sababu tu walikuwa wajane, walikuwa wazee, na macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi. Ni moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, waliouvumilia jikoni kwa miaka hamsini wakiwapikia wana wao na wajukuu wao. Mtoto anaumwa, ng'ombe anakufa, mvua inakawia. Mtu anakwenda kwa mganga wa ramli, na mganga anataja nyumba ya mwisho ya kijiji. Kisha wanakuja wawindaji. Na watu wenye ualbino nao, hasa tangu mwaka 2007, wamewindwa katika mikoa hii ya Ziwa, wakakatwa viungo kama alivyokatwa Digit, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeahidi fedha.

Mwaona sasa kwa nini nilianza na pango la Mtakatifu Blasi. Wawindaji walipanda mlima kutafuta mnyama, wakashuka na mtu. Moyo uliozoea kukiuliza kila kiumbe, "Utaniletea shilingi ngapi?" hautaacha kuuliza swali hilo utakapomfikia binadamu. Ndiyo maana ulinzi wa viumbe si mchezo wa wageni wenye kamera, wala si jambo la kuachiwa serikali. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Mwenye sikio la kimoja na kiziwi wa kingine bado hajasikia.

Tutende nini, basi? Nawaambia wazazi Wakristo mambo matatu, yaliyo karibu na mikono yetu.

La kwanza, nyama ya wizi isiingie chunguni mwetu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali, na tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Mwenye hamu ya nyama hiyo ana njia ya halali. Lakini anayenunua kitoweo kilichofichwa ndani ya gunia, usiku, kwa bei ya chini, na asiulize kimetoka wapi, huyo ameshika mkia wa mtego ingawa hakuutega yeye. Wala asije akaungama hasira na matusi, na hilo akaliacha nje ya mlango wa kanisa.

La pili, tuwafundishe watoto. Mtoto apigaye mjusi kwa jiwe kwa kufurahia maumivu yake, na mzazi akacheka, anajifunza somo ambalo hakuna mwalimu wa katekisimu atakayelifuta kwa urahisi. Mwonyesheni pimbi juu ya jiwe. Mwambieni kwamba Mungu anamjua mnyama yule, na ametajwa katika Maandiko Matakatifu. Mtoto akijua kwamba pimbi ana mwenyewe, hatasahau kwamba bibi wa jirani ana mwenyewe pia.

La tatu, na hili ndilo kubwa, twende kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji. Jumuiya ndogo ndogo ziko kwa kazi gani kama hazipiti kwa bibi yule? Mpelekeeni maji. Mkatieni kuni. Salini rosari uani kwake, wazi, mchana, majirani wakiona. Mtu atembelewaye na Wakristo kumi kila juma hauawi kwa urahisi, kwa sababu muuaji hupenda mtu asiye na wa kumlilia. Na ikiwa ramli imetaja jina lake, na watu wako wamekaa kimya, wewe usikae kimya. Huenda utachukiwa. Huenda utaambiwa kwamba nawe ni mwenzake. Mtakatifu Blasi naye alikamatwa akiwa kati ya waliomkimbilia.

Tusisahau kwamba Bwana wetu mwenyewe, kabla ya kuanza kazi yake, alikaa jangwani siku arobaini. Mwinjili Marko, aliye mfupi wa maneno kuliko wenzake, hakuacha kuandika kwamba alikuwa huko pamoja na wanyama wa mwitu. Na mwisho wa maisha yake alitolewa nje ya mji, akafa kati ya waliohukumiwa. Yeye amekaa mahali wanapokaa wote waliofukuzwa. Ndiye atakayetuuliza siku ya mwisho, kama anavyosimulia Mwinjili Matayo katika sura ya 25, tulimtendea nini alipokuwa mgeni, na uchi, na mgonjwa, na kifungoni.

Tarehe 3 Februari itakapofika tena, na mishumaa ikikugusa kooni, msomaji mpendwa, usiombe tu ulindwe na mwiba wa samaki. Omba koo lako lipate sauti ya kumtetea asiye na msemaji, awe na miguu minne au miwili. Kisha, ukitoka kanisani, usiende moja kwa moja nyumbani. Pitia kwanza ile nyumba ya mwisho, ubishe hodi.